Mto wa Daraja la Pili

Shuleni, 2 Septemba 2019

Mpendwa Baba,

Habari za nyumbani? Mimi mzima, ila wenzangu bwenini wananicheka kwamba nalala na kitabu usoni. Mama anaendeleaje? Miguu bado imevimba? Daktari alisema figo zake haziwezi maji ya mto, kwa hiyo naomba aendelee kunywa ya bwawa la mlimani tu.

Nakuandikia kwa haraka. Simu tumekatazwa, na ukimpigia mwalimu darasa zima litajua, nitakufa kwa aibu. Juzi mwalimu wa jiografia alitupeleka ofisi ya maji ya wilaya. Wanapima usafi wa mito yote, daraja la kwanza hadi la tano, ili wapange bomba la maji safi lipite vijiji gani. Watakaopewa kwanza ni wale ambao mto wao ni daraja la tano, usiofaa hata kuogea. Baba, wewe ndiye msimamizi wa mto wetu. Wakija na chupa zao, nakuomba usisafishe chochote. Waache wauone ulivyo.

Binti yako,
Suyun

Kijijini, 11 Septemba

Mwanangu Suyun,

Tupo, tunasukuma siku. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula au unatafuna karatasi.

Wageni wa chupa walikuja. Ungeuona mto! Kina mama waling'oa magugu, wenye nguruwe wakaziba mifereji ya mabanda, na karakana ya kuoshea madini ikafungwa tangu jana yake. Mimi nikafungulia bwawa la mlimani, maji yakashuka kama kioo. Mjomba wako Xiang akasema, "Msimamizi, leo mto wako umenyoa ndevu!" Nikamjibu, "Na wewe utanyoa lini?" Akacheka, akateleza, akatumbukia mbele ya wapimaji. Nao walicheka hadi machozi. Tukawapa nyama ya moshi na pombe ya mahindi.

Barua yako imefika leo, wao wameshaondoka. Nimeisoma mara mbili. Lakini mwanangu, mgeni unamkaribishaje kwenye uchafu? Na jina langu la usimamizi limebandikwa kwenye ubao pale ukingoni, kila apitaye analisoma. Bwawa litajaa, mvua za vuli haziko mbali.

Baba yako

Shuleni, 28 Septemba

Baba,

Salamu zangu kwako na kwa Mama. Sijui nianzeje.

Matokeo yamebandikwa nje ya ofisi ya maji. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza, "Wewe binti, unasubiri basi?" Mto wetu ni daraja la pili. La pili, Baba! Sawa na vijito vya msituni. Kijiji chetu hakimo kwenye mpango wa bomba, na mpango huu ukishafungwa haufunguliwi tena hadi miaka mitano ipite. Nimesikia utafungwa mwisho wa Oktoba.

Na hilo bwawa ulilolifungulia, si ndilo tunalolinywa wakati wa kiangazi? Huku hakujanyesha hata tone. Mama anakunywa nini sasa? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Nenda ofisini, Baba. Waambie maji waliyoyachota hayakuwa ya mto.

Suyun wako

Kijijini, 9 Oktoba

Suyun,

Nimepata barua yako. Sisi hatujambo.

Unanitaka niende mbele ya watu nikaseme nilidanganya? Nani alidanganya? Nilipokea wageni kama baba yangu alivyowapokea. Wiki ijayo wanaleta kibao cha kusifia mto, wazee wameshachagua pa kukitundika. Nikigeuka sasa, nitapita wapi? Hata Xiang, mcheshi yule, ameniambia, "Ukifungua mdomo, usije kwangu kuomba moto." Wewe soma vitabu vyako. Mambo ya mto niachie mimi.

Bwawa ni tope. Mvua bado. Tunachemsha ya mto.

Baba yako

Shuleni, 19 Oktoba

Baba,

Kuchemsha hakutoi madini. Tumefundishwa hivyo. Nilidhani unajua, na sasa naogopa hujui.

Nilikwenda mwenyewe ofisini. Unanijua, hata kununua mkate naona haya. Mama mmoja aliyekaa mezani pa mapokezi akanipa kiti. Nikamweleza yote, bwawa, mifereji, karakana. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, nakuamini. Lakini kupima upya kunaombwa na msimamizi wa mto, kwa mdomo wake na muhuri wake. Wewe ni mwanafunzi." Nikalia pale pale mbele ya watu.

Sikuombi kama mtu anayejua zaidi. Sijui zaidi. Naomba kwa sababu nina mama mmoja. Nijibu hata mstari mmoja, anaendeleaje?

Binti yako

Shuleni, 26 Oktoba

Baba,

Hujajibu. Kila posta ikija nakuwa wa kwanza getini. Mama yupo?

Suyun

Hospitali ya wilaya, 31 Oktoba

Mwanangu,

Mama yako yupo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi yake, ghorofa ya tatu. Barua hii nitampa mlinzi wa shule yenu, maana sina uso wa kukuita getini.

Juzi alfajiri hakuweza kuvaa viatu, na uso ulikuwa umejaa. Tulimpakia kwenye gari la Xiang. Ndiyo, huyo huyo. Aliendesha njia nzima bila mzaha hata mmoja, na kwa Xiang huo ni ugonjwa. Tulipofika mjini akaniuliza, "Muhuri umeuchukua?" Nilikuwa nao mfukoni tangu barua yako ya habari za ofisini. Nilikuwa naugusa tu.

Leo nimekwenda. Nimemwambia yule mama wa mezani kwamba nilimwaga maji ya kunywa ya watu wangu ili wapimaji waone mto mzuri. Akanisukumia fomu ya kuomba kupima upya. Nikapiga muhuri. Wamesema watakuja siku waipendayo wao, bila taarifa, na kwamba jina langu litaondolewa kwenye ubao. Kama tutaingia kwenye mpango, hawakuniahidi.

Daktari anasema figo moja bado inahangaika, nyingine imekata tamaa. Jioni nimempa mama yako maji ya bomba la hapa. Amekunywa glasi nzima, akaniuliza haya yanatoka wapi, mbona hayana ladha. Nikachukua glasi, nikaenda kuiosha.

Njoo ukae naye.

Baba yako