Tepi Niliyoivuta

Jumanne, jioni

Niko wodi ya watoto wachanga, kando ya kitanda cha mwanangu.

Njoroge wangu alizaliwa kabla ya wakati, na sasa utumbo wake umeugua. Kila baada ya saa chache sista humpima tumbo kwa tepi. Asubuhi daktari alisema likizidi kufura, atapasuliwa leo leo.

Mchana sista alikuwa amezidiwa na watoto wengine. Nikamwambia, "Lete nikusaidie, mimi ni fundi wa nguo." Huko kibandani kwangu Kamenu, mteja akitaka kuambiwa kiuno chake ni chembamba, huwa navuta tepi kidogo. Mkono umezoea.

Tepi ikasoma nusu sentimita chini ya asubuhi. Sista akaandika. Daktari akasoma, akasema, "Basi tungoje hadi kesho." Nikasema asante Yesu.

Baba Njoroge alipiga simu kutoka kazini Ruiru, akalia kwa furaha. Sikumwambia kuwa mimi ndiye niliyepima.

Labda sikuvuta. Nilivuta. Ngai, Mungu wangu, nilivuta! Nilikiogopa kile kisu, na sasa tumbo la mtoto linang'aa, limekaza kama…

Sista ndiye huyo anaingia. Naenda kumwambia apime tena, na asinipe tepi.