Mbolea Niliyomficha Baba Mkwe

Alhamisi, mwishoni mwa Juni. Jua limewaka kutwa, mpunga umekauka vizuri, na mimi sina raha hata kidogo.

Acha niseme tu. Mwezi wa pili, maji ya mafuriko yalipopungua, kipande changu cha mpunga kiligeuka njano. Nikaenda dukani Mbugani, nikanunua mfuko wa SA, mbolea ya kiwandani, nikainyunyiza alfajiri kabla baba mkwe hajatoka. Kwake yeye mbolea ya dukani ni sumu, inaua harufu ya mchele wa Kyela.

Mwenye duka aliniambia ile mbolea, nyeupe kama chumvi, ni mabaki ya viwanda vinavyotengeneza malighafi ya nailoni. Nilicheka peke yangu njia nzima. Nailoni inakwenda kwenye nyavu za ziwani, mabaki yake yanalisha mpunga wetu! Mzee angesikia hilo, angesusa wali mwaka mzima.

Baada ya wiki mbili kipande changu kilikuwa kijani kuliko vyote. Nilijisifu kimoyomoyo, nakiri.

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haongei na baba mkwe. Wengi wameiacha, kwetu bado ipo. Miaka tisa sasa, maneno yetu yanapitia kwa mama mkwe: chumvi imeisha, mtoto anaumwa, chakula tayari.

Mpunga wote, wangu na wao, tuliuanika kwenye turubai moja, ukachanganyika. Jumapili nikapika wa kwanza. Nikiwa jikoni nikamsikia baba akimwagiza mama: "Mwambie mkwe wetu, ndaga fijo, asante sana. Wali unanukia kama wa marehemu mama yangu."

Nililia.

Kesho asubuhi anakuja mnunuzi kutoka Mbeya. Baba atamhakikishia, kama kila mwaka, kwamba shamba lake halijawahi kuonja mbolea ya dukani. Ni mzee wa kanisa, neno lake watu hawaliulizi mara mbili. Safari hii atasema uongo bila kujua, na aliyemtia uongo mdomoni ni mimi.

Mume wangu anasema ninyamaze, mradi wali unanukia. Jioni nikamweleza mama. Aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema: "Mwanangu, hilo mimi silibebi."

Basi nitalibeba mwenyewe. Kabla mnunuzi hajafika nitapiga magoti mbele ya baba mkwe, macho chini, niite, "Baba."

Miaka tisa nimeishi kwake, na neno la kwanza atakalosikia kutoka kwangu ni kosa langu.