Stendi Nyepesi ya Kamera, Baba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utanicheka ukisikia nimenunua stendi ya kamera ya kilo moja na nusu. Ile yako ya chuma, uliyochomelewa na fundi pale mjini Tabora, bado imesimama nyuma ya mlango, na nikiitazama tu bega linaniuma. Hivi kweli, Baba, kumbebesha mtoto wa darasa la sita chuma kile! Nilipolalamika ulinijibu, "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani. Wewe kutoka stesheni tu unalia?"

Unakumbuka Usoke? Tulishuka kwenye treni, wewe kamera shingoni, mimi stendi begani, tukitafuta familia zilizokwisha kuuza tumbaku ili uzipige picha. Ulikuwa hujafahamika huko. Ulipoisimamisha tu kando ya shamba na kuinama nyuma yake, jicho moja umelifumba, mama mmoja akatupa jembe na kupiga kelele, "Wapimaji hao! Wamekuja kupima mashamba!" Mumewe akasimama katikati ya mihogo yake, mikono ameitanua kama anazuia mbuzi. Ulijieleza wee, hakusikia. Mwishowe ukamwita achungulie kamera mwenyewe. Akachungulia, akamwona mkewe mle ndani, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akakimbilia nyumbani kuvaa koti. Siku ile filamu yote iliisha.

Na wewe, kama kawaida, hukupigwa picha. "Mimi nitaingia ya mwisho," ulisema kila tulikokwenda, na kila mara ya mwisho ulimpa mtu mwingine. Ndiyo maana tuna sanduku zima la watu wa Usoke na Urambo, lakini hatuna picha hata moja ya familia yetu ikiwa kamili. Jambo hilo linamuuma Mama. Kabla ya mavuno alinipigia simu kutoka Goweko, alikorudi kulima.

"Kwa baba yako nimeshakosa," alisema. "Na wewe ndiyo hivyo, kila siku uko nyuma ya kamera. Mkija baada ya mavuno nataka picha moja, na mpiga picha awemo."

Kamera yangu inaweza kujipiga yenyewe ukiitegea muda. Ilihitaji tu kitu cha kuishikilia, nami nisingeweza kusafiri na chuma chako huku mjukuu wako yuko mgongoni.

Nikaenda dukani kwa Bi Mwanaidi, yule uliyempiga picha za harusi. Akanitolea stendi tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kuliko ufagio. Nikaivuta miguu yote hadi mwisho, nikaweka kamera, nikaisukuma kama ulivyonifundisha: "Usiitazame, isukume." Ikayumba. Ya pili haikutikisika, ila uzito wake ulikuwa wa chuma chako kile kile. Ya tatu ya alumini, miguu imara, vifungio vinabana, na chini ya shingo ina kindoano. Nikatoka nayo nje, nikaisimamisha mchangani, nikaisukuma, nikaizunguka, nikaisukuma tena.

"Wewe binti, unanunua stendi au unaposa?" Bi Mwanaidi akauliza. "Marehemu baba yako alikuwa hivi hivi!"

Nilitaka kulia, Baba, nikajikuta nacheka naye, nikailipia ile ya tatu.

Mavuno yalipokwisha tukakutana Goweko. Jumapili, baada ya ibada, tukajipanga mbele ya nyumba ya Mama, watu kumi na saba. Nikategea muda, nikakimbia kukaa. Upepo wa kiangazi ukavuma, stendi ikayumba, picha ikatoka ukungu mtupu. Nikarudia, ikawa vile vile. Kaka zangu walikuwa waondoke na treni mchana ule, na nilimwona Mama ameanza kuinamisha uso. Niliogopa kweli. Fundi mzima nilikuwa nimesahau hatua yako ya mwisho: kuitundikia mzigo chini.

Mama ndiye aliyeikumbuka. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wako wa turubai, ule wa filamu, siku hizi anawekea karanga za mbegu. Akautundika kwenye kindoano kwa mkono wake. Stendi ikatulia kabisa.

"Haya," akasema akirudi kitini, "baba yenu ameshika. Msitikisike."

Basi tukaangua kicheko wote. Nikakimbia, ndala moja ikabaki njiani, nikawahi kukaa ubavuni kwa Mama. Picha imetoka safi, Baba. Nimo, mguu mmoja peku, na hakuna hata mmoja anayeangalia kamera. Wote tunauangalia mfuko wako na kucheka.

Nakuaga sasa, mjukuu wako ameamka. Picha Mama ameitundika sebuleni. Wageni wakimuuliza aliyeipiga ni nani, anakutaja wewe, na mimi sibishi.

Mbeba stendi wako,
Kitindamimba