Kifuniko cha Mkanda

Kasense, Sumbawanga
15 Juni

Kaka Adriano,

Shikamoo. Huku tu wazima, na mama kule Pito kifua kimepata nafuu, anapura ulezi wake. Ila Jumanne tarehe 10, saa tisa alasiri, Beda alipoteza mkono wa kulia kwenye mashine yangu ya kusaga. Umekatwa chini ya kiwiko. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla watu hawajakupigia simu.

Beda unamkumbuka, yule mrefu aliyekuuliza swali kwenye semina yako mwezi wa tatu. Nilikuomba uje kwa kuwa nilichoka na wafanyakazi kumi na mmoja wanaoficha makosa, na msomi wa falsafa ni wewe; mimi niliishia darasa la saba ili ada iende kwako. Ukatufundisha njia tatu za kujenga maadili kazini: kufuata sheria, kupima matokeo, na kumzoeza mtu uadilifu mpaka uwe tabia yake. Beda akauliza ashike njia ipi kama mkosaji ni tajiri mwenyewe. Watu wakacheka. Ukamjibu kwamba mwadilifu haanzi na kosa la mwenzake. Wakaacha kucheka, wakaandika.

Mimi nilishika ya matokeo, maana ina hesabu. Mkanda wa mashine ukiwa na kifuniko, kila ukilegea tunafungua, tunakaza, tunafunga; magunia thelathini na nane kwa siku. Bila kifuniko, arobaini na sita. Kwa magunia hayo manane watu kumi na mmoja walikula nyama mara mbili kwa wiki. Upande wa pili uweke mkono mmoja, ambao huenda usikatike kamwe. Hebu piga hesabu wewe.

Ya tabia niliwaachia wao. Kila Jumamosi, kama ulivyoagiza, mtu alisimama mbele ya wenzake akakiri kosa lake la wiki. Kuungama tumezoea tangu utoto, walikuwa hodari. Adolfu alikiri kusinzia. Fransiska, mke wa Beda, anayefagia pumba, alikiri kunisengenya. Kuuogopa mkanda halikuwa kosa la mtu, kwa hiyo hakuna aliyeusema.

Jana tulikiri hospitali, kitandani kwa Beda. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba asipolibeba kosa yeye, mkewe aache ufagio. Akasema mbele ya wote kuwa kifuniko alikifungua yeye, bila ruhusa. Akatia dole gumba la kushoto, Fransiska amemshikia karatasi. Tulipotoka Fransiska akaniambia, "Asante, mama, kwa kuniachia kazi."

Na mimi nikuungamie. Kifuniko nilikifungua mimi, kwa spana yangu, Februari. Siku ya semina ulifundisha umesimama hatua mbili tu kutoka kwenye mkanda ulio wazi, unazunguka. Ulipopita ulilikunja koti lako, ukalibana kwapani lisinaswe. Nilikuona. Ukaendelea na uadilifu.

Nisalimie wifi Atupele na watoto. Mama anasema msisahau kuja mavuno.

Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Ijumaa, na jina lako liko kwenye daftari la wageni. Nataka jibu lako, neno moja, kabla ya Alhamisi saa sita mchana: siku ile kifuniko kilikuwepo, au hakikuwepo?

Mdogo wako,
Luciana