Neno Ulilonikataza Kulisema

Mama Kulwa,

Barua hii sijaianza kwa shikamoo, na najua umeliona hilo kabla ya jingine lolote. Usinigombeze kwanza. Shikamoo yangu nimeiweka mwisho kwa makusudi, na sababu yake unaijua.

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Nimekaa juu ya lile jiwe lako la kuanikia dagaa, nyuma ya nyumba yako hapa Kirumba. Dagaa nimewaanika mwenyewe asubuhi. Nimewageuza mara mbili, nikawapepeta, hawana hata chembe ya mchanga. Mke wa Doto ndiye anayepima sasa sokoni Mwaloni, kwa kopo lako lilelile la sado, na anajaza mpaka juu kama ulivyokuwa unajaza wewe, ingawa uso anaukunja. Yule kuku wako mwekundu bado analala kwenye kikapu chako. Nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nitakuandikia yote, hata yale unayoyajua. Nikianzia katikati nitapata mahali pa kujificha, nawe hukupenda watu wa kujificha.

Nilikula kwako tangu nikiwa na miaka saba. Nyumbani kwetu chakula kilikuwepo, tena kizuri, lakini kwako walikuwepo mapacha wako, Kulwa na Doto, na ugali wa kugombania una utamu wake. Majirani walipokuuliza huyu Masanja ni wa nani, ulijibu, "Nilijifungua watatu, mmoja nikamsahau hospitali. Naona amejirudisha mwenyewe." Tangu hapo ukaniita wa tatu. Wa tatu, leta maji. Wa tatu, nawa mikono, unanuka samaki. Sijui kama uliwahi kujua jinsi nilivyolipenda jina hilo. Sikukwambia. Nilidhani muda upo.

Kisha viwanda vya minofu vikaja, sangara wakawa mali, na baba yangu aliyekuwa akiuza samaki kwa kikapu akawa wakala mwenye pikapu. Nikapewa ufunguo nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Bia nazo, ambazo zamani zilitafutwa kwa kujuana, zikajaa kila kona. Nilijiona mwanamume. Mama, nilikuwa mpumbavu mwenye gari, na mji mzima ulinipungia mkono.

Siku tuliyokwenda Sengerema kupeleka mahari ya Doto, wazee walitangulia kwa gari la kukodi, sisi vijana tukabaki na pikapu. Ulisimama mlangoni ukanishika bega, ukasema, "Masanja, gari ni la kwenu, lakini watoto ni wangu." Nikacheka. Nikasema, "Mama, wasiwasi wa nini?"

Ukweni tulipokewa vizuri, mno. Nilikunywa. Sikulazimishwa na mtu, sikuwekewa kitu kwenye glasi. Nilikunywa bia, nikaongeza pombe ya wenyeji, nikaongeza bia. Jua lilikuwa bado lipo nilipoamua kwamba lazima tuwahi kivuko cha mwisho pale Kamanga. Hakukuwa na haraka yoyote. Nilitaka tu watu waone naondoka na gari. Kulwa akaniambia, "Tulale hapa, kivuko kipo hata kesho." Nikawasha injini. Doto akabaki na wazee. Kulwa alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akaingia, akasema, "Basi usiende peke yako."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwangu yenye maana. Kabla hatujafika Kamanga, kwenye kona, gari liliacha barabara likapinduka. Mimi nilivunjika mkono. Kulwa alikufa palepale, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Na kivuko, mama, kilikuwa bado kipo. Kilichelewa siku hiyo. Kile kivuko nilichokuwa nakikimbilia ndicho kilichomvusha Kulwa akiwa amefunikwa shuka ya watu.

Msibani watu walisema yale yanayosemwa. Ajali haina kinga. Ni mipango ya Mungu. Siku yake ilikuwa imefika. Mimi nikiwa mahabusu niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, yalikuwa matamu kuliko chakula. Wengine, kwa nia njema, wakaanza kukuita Mama Doto ili usiumie. Nasikia hukuitikia siku nzima, mpaka jioni ukasema, "Mimi ni Mama Kulwa. Mkilificha jina lake mnaniulia mwanangu mara ya pili."

Baba yangu akafanya walichofanya baba zake. Akatuma wazee kwako na habari ya ng'ombe wa kufidia damu, tena wengi kuliko ilivyo kawaida, ili mkae mezani, mpatane, kisha uende kumwambia hakimu kwamba mambo yamekwisha nyumbani. Ilikuwa desturi, na hakuna ambaye angekulaumu. Ulikuwa mjane unayeanika dagaa. Uliwapa wazee viti, ukawapa maji, ukawasikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Ng'ombe hawajaua mtu. Kwa nini wao ndio waondoke nyumbani?" Mmoja wa wale wazee alinisimulia baadaye huku akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Alisema tangu azaliwe hajawahi kurudishwa na mwanamke kwa heshima kiasi kile.

Hapo wakili wa baba akaja na dawa nyingine. Tuseme breki zilikataa. Nikasomewa shtaka, nikakana.

Ukaja kuniona mahabusu. Nilipokuona nilisimama, nikasema, "Shikamoo mama." Hukuitikia. Katika maisha yangu yote hukuwa umewahi kuniachia shikamoo hewani. Ulinitazama tangu miguuni mpaka kichwani, ukauliza swali moja tu: "Masanja, breki zilikataa?" Nikainamisha macho kwenye vidole vyangu vya miguu. Ukangoja. Askari akasema muda umekwisha, ukafunga khanga yako ukaondoka, na shikamoo yangu ikabaki pale sakafuni.

Sikulala kwa siku nyingi. Siku ya kesi niliomba nisomewe shtaka upya. Nikasema ni kweli, nilikuwa nimelewa, breki zilikuwa nzima. Baba yangu alitoka nje ya mahakama, na hakusema nami tena mpaka alipougua. Kaka zako walikuwa wamejaa nyuma, wakitaka nifungwe nisionekane tena, na mmoja alikuwa ameapa kwamba nikiachiwa atanimaliza kwa mawe. Hakimu akakuuliza kama una la kusema. Mama, hata leo nikikumbuka ulivyosimama, mgongo umenyooka, ndala miguuni, najisikia kama ninayeona mlima. Ulisema, "Afungwe kama anavyofungwa mtoto wa maskini. Asipunguziwe kwa sababu ya baba yake. Na asizidishiwe kwa sababu ya uchungu wangu." Ukakaa.

Nimesikia watu wenye shahada wakibishana juu ya adhabu ya haki. Sijasikia aliyekupita.

Nilipewa miaka mitatu. Nilipopitishwa mbele yako na pingu mikononi nilisema kwa sauti ndogo, "Shikamoo mama." Ukajibu, "Marahaba."

Marahaba ile ilinilisha kifungo chote. Na wewe tena, kana kwamba haitoshi, ukawa unakuja kila mwezi na mche wa sabuni. Wafungwa wenzangu hawakuelewa. Mama wa marehemu anamletea sabuni aliyemuua mwanawe? Askari mmoja alikuuliza mbele yangu, ukamjibu, "Nilisema afungwe, sikusema anuke." Gereza zima lilicheka wiki nzima. Mimi nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya bweni nikalia kama mtoto.

Nilipotoka nilidhani tumemaliza. Kumbe wewe ulikuwa na hukumu yako uliyoitunza pembeni. Jumamosi ya kwanza ulinipeleka Mwaloni, pale vijana wenye pikapu za samaki wanapokaa kunywa wakingoja mzigo, ukaniambia, "Simama useme." Nikaanza, "Ndugu zangu, mimi nilipata ajali..." Sikufika mbali. Uliweka kikapu chini, ukasema mbele ya wote, "Ajali ni jiwe kuporomoka mlimani likakukuta umelala. Wewe hukulala. Sema ulichofanya."

Nikasema. Nilikunywa, nikaendesha, nikamuua Kulwa, rafiki yangu.

Maneno hayo machache yalikuwa mazito kuliko miaka mitatu. Gerezani nilikuwa napewa adhabu. Pale Mwaloni nilikuwa naibeba mwenyewe. Nikakasirika nawe, nakiri. Nilirudi nyumbani nikisema moyoni kwamba mwanamke huyu hajanisamehe, ananitembeza kama dubwana la maonyesho. Jioni ulinitumia sahani ya ugali na sato mzima. Sato mzima, mama, na mwenyewe ulikula dagaa. Basi hasira ikakosa pa kukaa.

Kila Jumamosi tangu hapo nimesimama. Doto peke yake ndiye hakuwahi kuja kusikiliza. Alioa yule binti wa Sengerema baada ya mwaka, bila ngoma, na kwa miaka yote hii tukikutana mlangoni kwako alipita kama anayepita nguzo. Sikumlaumu. Niliwaharibia wote wawili, mmoja nikamuua na mwingine nikamwachia sherehe yenye kaburi ndani.

Kifua kilikulaza siku nne tu. Siku ya tatu ulinishika mkono ukauliza, "Utaendelea kusema?" Nikasema ndiyo. Ukauliza, "Hata nisipokuwepo wa kukukatiza?" Nikasema ndiyo, mama. Sikujua utanijaribu mapema hivyo.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma, pamoja na waliokuwa wakipasua kuni. Niliona hapo ndipo panaponifaa. Katibu wa jumuiya akasoma wasifu wako. Alisoma vizuri, kazi zako, wema wako, mpaka akafika: "Alijaliwa watoto wawili, Doto, na Kulwa aliyefariki kwa ajali ya gari."

Msiba si mahali pa mtu kama mimi kupaza sauti. Kaka zako walikuwa mstari wa mbele. Doto alikuwa kichwani pa jeneza. Nikinyamaza, hakuna atakayejua; nikisema, huenda nikatolewa nje na nisikuzike. Nilitaka sana kukuzika, mama. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka. Na nilijua kabisa kwamba ungekuwa hai ungeweka kikapu chini.

Nikanyanyua mkono. Nikasema, "Naomba radhi. Haikuwa ajali. Mimi Masanja nilikunywa, nikaendesha, nikamuua Kulwa. Mama hakutaka liandikwe vingine."

Mjomba mmoja alisimama. Doto akamwekea mkono kifuani, akamkalisha, kisha akamwambia katibu, "Soma tena, kama alivyosema." Katibu akasoma tena. Ukazikwa na ukweli wako mzima.

Kaburini nilisimama mbali. Watu walikuwa wakipokezana mabeleshi. Doto alifukia peke yake kwa muda mrefu, jasho na machozi vikichanganyika, kisha akaja moja kwa moja nilipo. Nilidhani atanipiga, na nisingekwepa. Akaninyooshea beleshi. Akasema, "Wa tatu, shika."

Siwezi kuandika zaidi juu ya hapo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mwaloni bila wewe. Kijana mmoja alinitukana. Mwingine alitia ufunguo mfukoni akarudi kwao kwa miguu, ingawa nadhani alikuwa anaona aibu tu mbele ya wenzake. Aibu nayo inatosha, ungesema hivyo. Na pembeni, karibu na mizani, alikuwa amesimama Doto. Alisikiliza mpaka mwisho.

Lala, mama. Umechoka kwa haki. Ukimkuta Kulwa mwambie kwamba sikumsahau hata siku moja, na kwamba alisema kweli juu ya kile kivuko. Nakuahidi hivi: dagaa wako hawatakuwa na mchanga, jina la Kulwa halitafichwa, na lile neno halitatoka kinywani mwangu nikiitaja siku ile, hata nikiwa mzee wa kuwasimulia wajukuu. Nimeshasema yote sasa. Sijajificha popote.

Shikamoo, Mama Kulwa.

Masanja