Laptop ya Kwenye Begi la Zuwena

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Hatibu kanipiga kwa waya wa chaja. Kisa? Chai haina tangawizi. Waya ulinipata shingoni. Nikamrushia birika, nikamkosa — nasikitika nimemkosa! Akakaa, akainywa chai ileile, akasema anaoa. Binti wa Muheza, jina lake Zuwena. Miaka minane namstahimili mume huyu, leo naletewa mke mwenza. Huyo Zuwena namchukia na sura yake siijui.

Jumanne, 9 Septemba

Mama mkwe kaleta begi la bibi harusi. Kanga, udi, viatu vya kung'aa. Kasema mke mkubwa mwenye adabu hupanga begi la mwenzake kwa mkono wake, ndiyo mila, ndipo nyumba hutulia. Nikamwambia shikamoo mama, nikapanga. Meno nimeyauma mpaka taya linauma.

Hatibu akachukua laptop yangu — yangu, ninayochapia watu kadi za harusi! — akaiweka juu ya kanga. Eti Zuwena yuko chuo, itamfaa. Kesho niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, isibaki hata herufi yangu. Nikasema haitoki. Akanigonga nayo kichwani.

"Mwee, Hatibu, utaivunja!" mama mkwe akasema.

Laptop, si mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Kichwa bado kinagonga. Lakini leo lazima niandike.

Humo kwenye laptop mna sauti zake. Simu zangu huzivunja, basi nilikuwa najifanya nachapa kazi, kumbe mashine inarekodi. Ngumi, matusi, mimi nikilia. Nilikuwa naziweka kwa siku ya kudai talaka. Nakala nyingine sina.

Asubuhi Hatibu akiwa bafuni nikafungua moja, kuiaga tu. Nikaisikia sauti yangu: nisamehe mume wangu, sirudii tena. Sirudii nini? Kusahau tangawizi? Nikamwaza huyo mtoto wa Muheza akiyasema maneno hayohayo, jikoni hapahapa. Chuki ikaniisha. Sijui vipi, ikaisha tu.

Haraka haraka! Jina langu la kuingilia nikalibadilisha, nikaandika Zuwena. Neno la siri nikaliondoa. Sauti zote nikazitia kwenye folda ya muziki — msichana gani atapewa laptop asitafute pa kuweka nyimbo? — na folda nikaipa jina: namba ya kisimu changu cha siri. Ndipo nikaanza kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Mashine ikauliza: nihifadhi mafaili yako, au niondoe kila kitu? Nikabonyeza hifadhi.

Hatibu akatoka na mkanda mkononi. Asilimia zinapanda, yeye kasimama nyuma yangu. Kila zikikwama, kisogo changu kinalipa. Mwishowe ikawaka: picha ile ya bluu ya mwanzo, programu zangu zote hakuna, juu jina la Zuwena. Akacheka. Kama mpya! Akanipiga begani, safari hii kwa furaha. Iliuma vilevile.

Alhamisi, 11 Septemba

Begi limekwenda Muheza. Vigelegele mpaka kona ya mtaa. Na mimi nilipiga, na mdomo huu uliopasuka.

Ijumaa, 12 Septemba

Zuwena hajapiga. Je, kama hapendi muziki? Je, kama kampigia Hatibu kumuuliza ni nini hizi? Ataniua. Naogopa, wallahi naogopa. Kabla ya kwenda msikitini kanisukuma ukutani, kanzu yake nyeupe pee. Kuvuta pumzi kunauma. Mbuzi ya kukunia nazi nimeihamishia chumbani.

Jumamosi, 13 Septemba

Kitochi changu, kile kisimu cha siri, nakificha kwenye debe la unga. Mchana kikaita.

"Shikamoo dada. Mimi Zuwena."

Sauti ya kitoto! Kasema kazisikia zote, akampa baba yake. Baba kasikiliza moja, ya pili hakuimaliza. Leo Hatibu kaenda kwao kuamkia, wamemrudishia begi lake mbele ya watu, na laptop ndani yake. Nikaona giza. Akaniambia, "Usihofu, zote nimeshazihamishia kwenye simu yangu. Ila dada, toka humo! Hatibu katoka hapa kitambo, nilikuwa naogopa kupiga. Baba naye kashaingia barabarani, anakuja kwako."

Nikavaa baibui. Sijafika uani, gari likasimama nje. Si la baba yake, muungurumo huu naujua. Nikarudi chumbani, nikatia komeo. Naandika nimeegemea mlango.

Anagonga. Hatibu hajawahi kugonga mlango, hupiga teke. Anaita, "Saleha, mke wangu. Nifungulie tuzungumze. Nimekuletea laptop yako."

Upole mtupu. Sauti hii sijawahi kuirekodi.

Gari jingine sijalisikia. Mbuzi ninayo mkononi. Zuwena hajakata simu, namsikia anavyohema. Nimeiweka sakafuni, kwenye upenyo wa mlango, imsikie vizuri. Nimemwambia arekodi.

Sasa ameacha kugonga. Komeo linachomo—