Hisa Walizoziuza Wazungu

Mwanza, 8 Februari 1999

Mwanangu Modesta,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama yako anasumbuliwa na mguu. Na wewe huko Nairobi, kazi ya ofisi ya madalali wa hisa inaendaje?

Wastaafu wenzangu wa kiwanda cha pamba wameniuliza tena kuhusu hisa za kampuni ya samaki mlizotununulia. Nimewaambia mfuko wetu wa akiba uko salama, maana Wazungu nao wamenunua, na Mzungu hachezei hela yake. Barua ya maagizo tuliyosaini iko palepale: bei ikishuka, mtununulie zaidi kwa fedha iliyobaki. Ndivyo tunavyonunua ng'ombe mnadani wakati wa kiangazi.

Baba yako,
Mihayo

Nairobi, 19 Machi 1999

Baba, shikamoo.

Mama anaendeleaje na mguu? Mimi mzima wa mwili, moyo hautulii.

Wazungu si kama nyinyi. Wana hisa katika nchi kumi. Wakisikia uvumi huu ulioanza, kwamba samaki wa ziwani wanavuliwa kwa sumu, wanapiga simu moja na kabla ya chai ya saa nne wameshauza. Nyinyi hamna pengine pa kwenda, na hata kufuta maagizo ni mpaka kikao na saini tatu. Nakuomba, fanyeni kikao wiki hii myafute.

Binti yako,
Modesta

Mwanza, 30 Machi 1999

Marahaba, mwanangu.

Barua imefika jana. Mama Wilhelmina, mhazini wetu, amefiwa na dada yake huko Nansio. Mfiwa haletewi karatasi asaini. Kesho tunapanda meli wote kwenda kuzika. Kikao ni baada ya matanga. Acha kututisha.

Baba yako

Nairobi, 9 Aprili 1999

Baba, shikamoo. Poleni na msiba.

Juzi asubuhi wateja wetu wa London waliuza hisa zote. Bei ikaanguka, na maagizo yenu yalikuwa hayajafutwa. Waliouza ni wao, walionunua ni nyinyi, mpaka fedha ya mfuko ikaisha. Karatasi zote mbili nimezigonga muhuri mimi. Ya kwenu nilikaa nayo mezani hadi mchana. Ningeizuia ningefukuzwa kazi. Sikuizuia. Nisamehe, baba.

Binti yako,
Modesta

Mwanza, 2 Mei 1999

Modesta,

Tulikaa kikao jana. Hisa hazina mnunuzi, na kiwanda cha samaki hapa kimefunga geti. Mama Wilhelmina aliuliza ni nani aliyesema Mzungu hachezei hela yake. Nikasimama. Kisha akauliza ni mkono wa nani uliogonga muhuri. Nikasema ofisi yenu ina watu wengi, sijui.

Kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kuwadanganya watu wale, hadi jana. Krismasi usije. Wakikuona wataniuliza tena, na mara ya pili sitaweza.

Mihayo,
Mwenyekiti wa Mfuko